Vitu vidogo vya kamera vilivyomeza falanga za sanduku letu

Vikundi viwili vya wamama vimetuuliza ni wapi tulinunua kamera yetu na kwa bei gani, maana navyo vinataka kununua ya kwao. Mama Prezidente ameniomba nijibu katika gazeti letu la juma hili. Nitajibu. Lakini jibu la kweli lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yangu mimi niliyetumwa kununua.

Mnajua tulivyofikia wazo la kamera. Hapa Kalemie harusi haipiti bila picha, ubatizo haupiti bila picha, na siku ya proklamasio, mwanzoni mwa mwezi wa saba, kila mzazi anataka mtoto wake asimame na buletini yake mkononi apigwe picha. Simu zinapiga, ni kweli, lakini mtu akitaka picha ya kutundika ukutani anamtafuta mwenye kamera. Mabinti wawili wa wanachama wetu walikuwa wamejifunza kazi hiyo na hawakuwa na chombo. Basi tukaanza kuweka akiba katika sanduku la shirika, kando ya likelemba, na baada ya miezi kumi na moja tukawa na dola 400.

Tulikubaliana hivi: dola 280 kwa kamera iliyotumika pamoja na lenzi yake, na dola 120 zirudi sandukuni. Katika hizo 120, dola 90 zilikuwa tayari na mwenyewe. Mama mmoja wetu, muuza ndakala, aliahidiwa mkopo ili amalizie ada za binti yake aliyekuwa anajiandaa kufanya mtihani wa Diploma ya Serikali. Mtunza falanga alinihesabia noti safi zisizo na mpasuko, maana mnajua noti ya dola iliyochanika kidogo tu hakuna anayeipokea. Nikauliza kwa nini nitumwe mimi. Wakasema, "Wewe ni mwalimu, hawatakudanganya."

Nilirudi jioni na kamera, na dola 5.

Sitataja duka, kwa sababu kijana aliyeniuzia hakuniibia. Kila kitu alichoniuzia nilikiona, nilikishika na nilikilipa kwa mkono wangu. Bei ya kamera nilikuwa nimeiuliza mahali patatu, na nilipoanza kubishana alishuka mpaka dola 280 bila shida. Nikafurahi, nikajiona mjanja. Ndipo akaniambia, "Mama Mwalimu, keti kwanza. Kamera umepata, lakini huwezi kutoka nayo hivi uchi."

Akatoa kioo cha mviringo chembamba kinachofungwa mbele ya lenzi, wanakiita filta. Akasema, "Lenzi ikikwaruzwa, dola 150 zimekufa. Kioo hiki kinaikinga." Dola 40. Akatoa kofia nyeusi ya plastiki ya kutia kivuli, ambayo wapiga picha wetu wanaiita kwa Kifaransa paresolei. Dola 25. Akanionyesha kifuniko cha lenzi chenye kamba, akasema kile kilichokuja na kamera kitaanguka ziwani siku ya kwanza. Dola 12. Kisha kisanduku cha kusafishia, ndani yake brashi, kichupa cha maji ya dawa, kitambaa na pampu ndogo ya mpira: dola 18. Mwisho mfuko wa kubebea, dola 20. Jumla dola 115.

Nilipotaka kukataa alisema neno moja tu: "Wapiga picha wa kweli wote wanavyo." Mimi sikuwa mpiga picha wa kweli, na nilijua kwamba yeye anajua. Niliona haya kuuliza. Mimi ambaye kila siku nawaambia wanafunzi wangu kwamba asiyeuliza hajifunzi.

Kosa lilijulikana katika harusi ya pili. Ilikuwa usiku, ukumbi una taa kali, bibi harusi amevaa nguo nyeupe. Mabinti walipiga picha nyingi. Tulipozitazama, katika nyingi kulikuwa na madoa ya mwanga kama taa ndogo zinazoelea, moja usoni mwa bibi harusi, nyingine kifuani mwa mume wake. Familia ililipa nusu tu, na walikuwa na haki. Mabinti walilia. Walidhani mikono yao ni mibaya.

Tukapeleka kamera kwa mzee mmoja mpiga picha ambaye amefanya kazi hiyo tangu enzi za filamu. Aliitazama, akafungua ile filta ya dola 40 akaiweka mezani. Akafunga mlango, akawasha taa, akapiga picha ya taa bila filta. Madoa hakuna. Akairudisha, akapiga tena. Madoa yakarudi. Kazi nzima haikuchukua dakika tano.

Nilimwomba anieleze kama mwanafunzi, naye akanieleza, na mengine nikayasoma baadaye. Kioo cha kawaida hakipitishi mwanga wote. Kila upande wa kioo unarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, kama dirisha linavyokuonyesha uso wako usiku. Kioo kina pande mbili, kwa hiyo karibu asilimia 8 hazipiti. Mwanga wa taa kali ukishaingia kwenye lenzi, sehemu yake inarudi nyuma, inagonga ile filta, inaingia tena kwenye kamera mahali pasipo pake. Hayo ndiyo madoa yetu. Watengenezaji wa lenzi walipata dawa ya tatizo hili zamani. Mwaka 1935 mtaalamu Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, aligundua namna ya kupaka kioo utando mwembamba sana unaopunguza mwanga unaorudi. Lenzi yetu, ingawa ni ya bei ndogo, ina utando huo. Filta yetu ya dola 40 haikuwa na utando wowote. Ilikuwa dirisha dogo.

Mzee akatufundisha kupima, na hili wamama mlishike. Chukua filta, isimamishe chini ya taa au karibu na dirisha, utazame taa inavyoonekana juu ya kioo. Kama taa inaonekana hafifu na ina rangi ya kijani au zambarau, kioo kimepakwa. Kama inaonekana nyeupe na kali kama kwenye kioo cha kujitazamia, hicho ni kioo kitupu. Ningeweza kufanya hivyo dukani kwa sekunde kumi.

Kisha akasema jambo lililoniuma zaidi. Herufi zilizoandikwa kwenye ukingo wa filta ile, UV, zinamaanisha kwamba inazuia mionzi fulani ya jua ambayo macho hayaioni. Zamani kazi hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu filamu iliihisi mionzi hiyo na picha za mbali, hasa za milimani, zilitoka na ukungu wa buluu. Kamera za siku hizi tayari zina kioo ndani kinachoizuia. Kwa hiyo leo filta hiyo imebaki na kazi moja tu, ya ngao. Ngao hiyo inasaidia mahali penye mchanga unaoruka au maji ya ziwa yanayorukia mitumbwi. Ndani ya ukumbi wa harusi haina kazi. Na mkwaruzo mdogo mbele ya lenzi, alisema, mara nyingi hauonekani hata kidogo kwenye picha, lakini kioo kibaya kilichofungwa mbele ya lenzi nzuri kinaonekana katika kila picha.

Je, vitu vyote vile ni upuuzi? Hapana, na ningewadanganya nikisema hivyo. Kofia ya kivuli ni kitu cha maana sana hapa kwetu. Sisi tuko upande wa magharibi wa ziwa, jua la asubuhi linatoka juu ya maji na kutupiga usoni. Mabinti wakiwapiga picha wamama wanaoanika ndakala ufukoni, mwanga wa pembeni unaingia kwenye lenzi na picha inapauka kama nguo iliyofuliwa sana. Kofia inakata mwanga huo. Lakini ni kipande cha plastiki! Mama mmoja mfanyabiashara anayevuka kwenda Kigoma alituulizia bei huko. Kofia ya kipimo kilekile ilikuwa shilingi 12,000 za Tanzania, chini ya dola 5. Mimi nililipa 25.

Kampuni kubwa nazo zina mkono katika jambo hili. Canon, kwa mfano, huuza lenzi zake nyingi za bei ndogo bila kofia ndani ya sanduku, na zile za bei kubwa huja nayo. Mwenye falanga chache ndiye anayeachiwa kununua kivuli kando. Hata hivyo kivuli si lazima kinunuliwe. Karatasi nene nyeusi ikizungushwa mbele ya lenzi na kufungwa kwa mpira inafanya kazi ileile, mradi isiwe ndefu mno, maana ikizidi pembe za picha zinakuwa nyeusi. Na kama huna karatasi, mwenzako asimame pembeni aweke kivuli kwa daftari, bila yeye kuingia kwenye picha.

Kifuniko cha dola 12 hatukukihitaji, kile cha kwanza mpaka leo hakijaanguka. Mfuko tunautumia kila juma, nao sijutii. Katika kisanduku cha kusafishia, kitu kimoja tu kina kazi ya kweli: pampu ya mpira ya kupuliza vumbi. Nilipoiona kwa makini nilicheka peke yangu. Inafanana kabisa na ile pampu ya mpira tunayonyonyea kamasi za mtoto mchanga, ile ya duka la dawa. Ukinunua mpya na kuiweka kavu, inatosha. Puliza vumbi kwanza, ndipo upanguse kwa kitambaa cha pamba laini kilichofuliwa mara nyingi, ukianzia katikati na kuzunguka kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Wala usipanguse kwa ncha ya kitenge ulichovaa, kwa sababu wakati wa kiangazi kimebeba mchanga, na mchanga ndio unaokwaruza.

Hatari kubwa kwa lenzi hapa kwetu ni kitu ambacho muuzaji hakunitajia kabisa: unyevu. Kamera ikifungiwa mfukoni kwa miezi mahali penye unyevu, ukungu huota ndani ya lenzi kama unavyoota kwenye mkate, na kuutoa ni kazi ya fundi na falanga nyingi. Tunachofanya ni hiki: tumechukua kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, tunaweka ndani kamera pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja katika masanduku ya viatu vipya, vile vilivyoandikwa kwamba visiliwe. Vinanyonya unyevu. Tunavibadilisha tukipata vingine, na kila juma kamera inatolewa ipate hewa, hata kama hakuna kazi. Kopo lilitoka jikoni kwangu.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje mtu aliyebishana juu ya dola 10 za kamera akatoa dola 115 bila kubisha. Nadhani sasa najua. Bei ya kitu kikubwa watu wote wanaijua, unaweza kuuliza hapa na pale, kwa hiyo muuzaji hapati faida nyingi hapo. Bei ya kitu kidogo hakuna anayeijua. Na ukishatoa dola 280, dola 12 inaonekana kama chumvi ya mboga. Ni kama simu: tunabishana saa nzima juu ya simu, kisha tunalipa kifuniko chake na chaja bila kuuliza. Ni kama kitenge, tunajua bei ya kila alama sokoni, lakini uzi, zipu na kitambaa cha ndani tunavilipa kama fundi alivyosema. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Tukumbuke kwamba haba na haba pia hukimwaga.

Halafu kuna ile haya ya kutaka kuonekana "wa kweli". Nimesoma habari za Jean Depara, yule mpiga picha wa Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yake. Ndipo alipoanzia. Baadaye alipiga picha za wanamuziki na za usiku wa mji ule, na mwaka 2015, miaka 18 baada ya kifo chake, picha zake zilikuwa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo huko Paris. Nawasimulia mabinti wetu habari hiyo kila wakionea wivu mizigo ya wapiga picha wengine.

Sasa nirudi kwa yule mama wa ndakala, kwa sababu hesabu ya jambo hili iko kwake. Sandukuni zilirudi dola 5. Mkopo wake haukuwepo. Ada zilikuwa na tarehe, akakopa kwa watu wa riba: dola 90, arudishe 120 baada ya mwezi mmoja. Binti yake alifanya mtihani. Lakini mama yake alipeleka samaki sokoni mwezi mzima kwa ajili ya riba tu. Nilipokaa na kupiga hesabu ya kile ambacho ningeweza kununua kwa akili, yaani mfuko dola 20, kofia dola 5 na pampu ya duka la dawa dola 1, nilipata 26. Nilikuwa nimepoteza dola 89.

Nilisimama katika mkutano nikasema yote. Nilisema nitarudisha zote kutoka mshahara wangu. Wamama walikataa, wakasema kosa la aliyetumwa peke yake ni kosa la waliomtuma pia. Tukagawana, nusu mimi, nusu sanduku. Zile dola 30 za riba nilizilipa mwenyewe kwa miezi miwili, hizo sikukubali zigawanywe.

Mama wa ndakala alizipokea, akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, kamera haikunikasirisha. Kilichonikasirisha ni kwamba ulitoa ahadi yangu pale dukani, na mimi sikuwepo niseme hapana."

Tangu siku hiyo tuna kanuni nne, na ndizo nawapa ninyi mlioomba bei. Mnunuzi haendi peke yake, wanakwenda wawili, na mmoja awe mwenye mdomo wa sokoni hata kama hakusoma sana. Falanga za chombo zinabebwa, falanga zenye ahadi nyingine zinabaki sandukuni. Siku ya kununua chombo hakinunuliwi kitu kingine chochote: tunakitumia mwezi mmoja, na kazi yenyewe itatuambia kinachokosekana. Na kila kitu kidogo kinaulizwa bei mahali patatu na kuandikwa katika daftari kabla ya kulipwa. Kwa kamera, andikeni pia kipimo cha lenzi, ile namba iliyo mbele yake baada ya alama ya mviringo uliokatwa kwa mstari. Yetu ni 58. Bila namba hiyo mtauziwa kisichoingia.

Daftari liko kwa mtunza falanga, lina bei za hapa Kalemie na za Kigoma. Njoni mlisome kabla ya kwenda dukani, siku yoyote baada ya mkutano. Filta nayo iko pale, katika bahasha iliyofungwa kwenye jalada la daftari. Hatukuiuza. Mtu akiitaka tunamwambia aiweke kwanza chini ya taa.